Maswali na Majibu: Kisiwani asubuhi, bara kabla ya magharibi

Barua nyingi za msimu huu wa likizo zinazunguka jambo moja: kupanda boti asubuhi, kushinda kisiwani, kurudi jioni. Tumechagua zile zinazogusa mambo yanayoweza kuharibu siku, au kuleta madhara makubwa zaidi, na tumezifupisha.

Tumekodi boti ya watu wanane. Nahodha ameshikilia tuondoke saa 12 na nusu asubuhi, na saa 8 mchana tuwe tumeshaondoka kisiwani. Tumelipia siku nzima. Hatupunji kweli?

Hawapunji. Nahodha anayewapangia saa kabla hamjamuuliza ndiye wa kumshika. Wa kumwogopa ni yule anayesema "saa yoyote mnayotaka nyinyi".

Kwanza ni upepo. Jua likishapanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari. Hewa iliyo juu ya nchi hupanda, na hewa ya baharini huingia kuchukua nafasi yake. Upepo huo huanza kusikika kama saa 4 au 5 asubuhi, hukaza kati ya saa 8 na saa 10 alasiri, kisha hulegea jua likielekea kuzama. Ukikutana na upepo wa msimu unaovuma kutoka upande huohuo, bahari iliyolala asubuhi huwa imeamka mnapofunga virago. Kuna kipimo cha macho kisichohitaji chombo. Mkiona povu jeupe hapa na pale juu ya mawimbi, upepo unakaribia kilomita 12 hadi 19 kwa saa. Povu likitanda kila upande, umeshapita 29, na kwa boti ya wazi ya mita sita au saba hiyo si hali ya kutoka na abiria. Safari iliyochukua dakika 40 asubuhi inaweza kuchukua saa nzima na nusu wakati wa kurudi, kwa sababu nahodha analazimika kupunguza mwendo ili boti isijipigize. Upepo ukivuma kinyume na mkondo wa maji ndiyo mbaya kabisa: mawimbi hukaribiana na kusimama wima.

Pili ni maji, na hapa ndipo wageni wengi wanapokwama. Visiwa vingi vya tropiki vimezungukwa na mwamba wa matumbawe, na boti huingia kwa kupita juu ya mwamba au kwenye mlango wake, maji yakiwa ya kutosha tu. Mahali pengi maji huchukua saa 6 na dakika kama 12 kutoka kujaa hadi kupwa, na kila siku saa za kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Ndiyo maana saa waliyopewa jirani zenu wa hotelini juzi si saa yenu leo.

Maji hayatoki kwa kasi moja. Saa ya kwanza baada ya kujaa hutoka sehemu moja ya kumi na mbili ya kina kinachobadilika, saa ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu kila moja, ya tano mbili, ya sita moja. Tuseme tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 3: basi mita moja na nusu huondoka ndani ya saa mbili za katikati. Watu huketi kula boti ikiwa inaelea, wakiinuka wanaikuta imelala ubavu kwenye mchanga. Boti yenye injini na tangi la mafuta haisukumwi na watu wanane. Iliyokwama katikati ya maji kupwa itaelea tena katikati ya maji kujaa, yaani kama saa 6 baadaye. Pigeni hesabu mtarudi saa ngapi.

Tatu ni mwanga. Nahodha wa maji ya mwamba husoma rangi: buluu iliyoiva ni kina, kijani chepesi ni mchanga wenye maji machache, kahawia ni mwamba au nyasi bahari. Rangi hizo huonekana jua likiwa juu na mgongoni kwake. Likishainama mbele yake, maji yote hung'aa kama bati na mwamba hauonekani hata ukiwa mita tano. Na katika tropiki giza halibembelezi: jua likizama, nusu saa baadaye ni usiku.

Mkitaka muda mrefu zaidi kisiwani, msimbishie nahodha saa, badilisheni siku. Kwa kisiwa kilichofungwa na mwamba, ombeni siku ambayo maji yatajaa karibu na saa 6 mchana, maana mtakuwa na maji ya kutosha kuingia asubuhi na kutoka alasiri.

Tulikwenda kuona fungu la mchanga mweupe katikati ya bahari, kama lilivyo kwenye matangazo. Tukakuta maji matupu yanayofika kiunoni. Tulidanganywa?

Huenda mlipelekwa tu siku isiyo yake. Fungu la aina hiyo huibuka maji yakipwa, na halitoki sawa kila siku. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Kilele chake huja siku moja au mbili baada ya mwezi wenyewe. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ni ndogo na mafungu mengine hayaibuki kabisa. Kwa hiyo hesabu ya fungu ni kinyume na ile ya kisiwa chenye mwamba: hapa mnataka maji yapwe kabisa mchana.

Fikeni kama saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, ondokeni muda kama huo baada yake. Boti isipandishwe mchangani. Ibaki ikielea kwenye maji ya magotini, nanga ikiwa imeshika, na baharia mmoja asiiache. Vitu viwekwe sehemu ya juu kabisa ya fungu, si kwenye ukingo mzuri wa kupigia picha. Tazameni pia nyuma yenu: maji yanaporudi mara nyingi hupita kwanza kwenye bonde kati ya fungu na mahali boti ilipo, na aliyekwenda kutembea ncha ya mbali hukuta mkondo umemkata.

Si bahari zote zina tabia hii. Katika sehemu kubwa ya Karibi, kwa mfano, maji hupanda na kushuka chini ya nusu mita, na ziko pwani zinazojaa mara moja tu kwa siku. Jedwali la maji la mahali mnapokwenda ndilo la kufuata.

Nifanyeje nijue boti ni salama, na mimi si mtu wa bahari?

Ikague kabla ya kulipa. Ukishapanda na pesa imeshatoka, utaona aibu kushuka.

Anza na idadi. Boti iliyosajiliwa huwa na namba ya abiria wanaoruhusiwa, na watoto huhesabiwa. Omba kuonyeshwa jaketi okozi, zote, nje ya kabati. Nne zikiwa juu na nyingine "zipo chini", chini hamna kitu. Kisha angalia sakafuni. Maji kidogo ni kawaida, lakini harufu ya petroli si kawaida: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hukaa chini ya mbao na husubiri cheche. Hapo usikubali hata mtu avute sigara karibu.

Uliza mafuta. Kanuni ya kale ni theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba, na hiyo akiba si mapambo, ni ya upepo tuliousema. Uliza nanga na umtazame anavyoitoa: kamba iwe ndefu walau mara tano ya kina cha maji, kwa sababu nanga hushika ikivutwa kwa ulalo, ikivutwa wima hung'oka. Pawe na njia ya pili ya kwenda: injini ndogo ya akiba, tanga, makasia au pondo. Pawe na ndoo ya kukumbia maji hata kama kuna pampu. Na pawe na namna ya kuita msaada: redio ya VHF, ambayo chaneli yake ya dharura ni ya 16, au simu yenye chaji ikiwa njia nzima ina mtandao.

Injini ikiwashwa, tazama nyuma yake. Nyingi hutoa uzi mwembamba wa maji unaoonyesha kwamba maji ya kupozea yanazunguka. Uzi usipotoka ndani ya muda mfupi, injini itachemka njiani, na pengine kilichoziba ni mchanga au kipande cha mfuko tu. Mtazame na nahodha mwenyewe: ile kamba ya kuzimia injini ameifunga mkononi au pajani, au imening'inia? Akitupwa baharini bila kuifunga, boti huendelea kuzunguka na propela yake ikimrudia yeye.

Mwisho, watu wote wakishakaa, tazama ubavu umebaki juu ya maji kiasi gani. Ukiweza kuchovya vidole bila kuinama, mizigo au watu wapungue.

Mwanangu ana miaka minne. Je, jaketi la mtu mzima likikazwa vizuri linamfaa?

Halimfai. Akianguka majini, jaketi litapanda na yeye atateleza chini yake. Mtoto huchaguliwa jaketi kwa kilo zake, na kilo hizo zimeandikwa kwenye lebo ya ndani. Litafute lenye ukosi mkubwa nyuma ya kichwa na mkanda unaopita katikati ya miguu. Mvalishe, funga kila kitu, kisha mnyanyue taratibu kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa.

Soma pia nguvu ya kuelea, inayoandikwa kwa nyutoni. Lililoandikwa 50 ni la anayejua kuogelea na yuko karibu na msaada. Kuanzia 100 ndiyo limeundwa kumgeuza mtu uso uelekee juu, na kwa bahari ya wazi watengenezaji hupendekeza 150. Mabawa ya plastiki ya kupuliza, yale ya mikononi, ni ya kuchezea.

Kama mwenye boti hana la mtoto, hilo ni jibu tosha: tafuteni boti nyingine. Na mtoto asikae omoni, yaani mbele kabisa ya boti, hata akililia. Huko ndiko boti hupanda na kushuka zaidi, na anayeanguka mbele hupitiwa na boti nzima, propela ikiwa mwisho.

Mke wangu hulevywa na bahari hata kwenye kivuko kikubwa. Afanye nini?

Awahi. Dawa za kuzuia kutapika kwa safari hufanya kazi zikimezwa mapema. Akishaanza kuchafukwa, tumbo huwa limesimamisha kazi, na kidonge kitarudi kilikotoka. Dimenhidrineti, kwa mtu mzima, kwa kawaida ni miligramu 50 nusu saa hadi saa moja kabla ya kupanda. Sinarizini humezwa saa mbili kabla. Kibandiko cha skopolamini hubandikwa nyuma ya sikio walau saa nne kabla, na baada ya kukishika anawe mikono: kikigusa jicho, mboni hupanuka na kuona kunakuwa ukungu. Hakiwafai wenye presha ya macho. Dawa hizi nyingi huleta usingizi, zisichanganywe na pombe wala zenyewe kwa zenyewe. Mjamzito na mtoto waonwe kwanza na mfamasia au daktari.

Pa kukaa ni katikati ya chombo au nyuma kidogo, chini, si omoni. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani (tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, ngama ni tumbo lake la chini), na kwa mgonjwa wa bahari methali hiyo ni maelekezo kamili. Atazame upeo wa macho au kisiwa chenyewe, asisome simu, asiiname kutafuta kitu kwenye mfuko. Sikio la ndani linasema tunayumba, macho yakisema tumetulia, ubongo huchanganyikiwa. Mpeni kazi ya kutazama mbele. Akae mbali na moshi wa injini. Ale kitu chepesi kikavu saa moja au zaidi kabla. Tumbo tupu si kinga, na tumbo lililojaa mafuta ni balaa. Ikibidi atapike, iwe upande wa demani, ule ambao upepo unatoka boti kwenda baharini. Majirani zake watashukuru.

Maji ya kunywa kiasi gani?

Lita tatu kwa mtu mzima kwa siku nzima, na chupa moja ya akiba ambayo haifunguliwi mpaka mmerudi. Yagawanywe kwenye chupa nyingi. Dumu moja likipinduka, yote yamekwenda.

Nilipaka losheni ya jua asubuhi, nikaogelea kutazama samaki, bado nilibabuka mgongo na juu ya miguu. Nilikosea wapi?

Mara nyingi kosa ni kiasi. Mtu mzima anahitaji kama mililita 35 kwa mwili mzima: kijiko cha chai kimoja kwa uso, shingo na masikio, kimoja kila mkono, kimoja kila mguu, kimoja mbele, kimoja mgongoni. Watu wengi hupaka nusu yake au chini, na kinga hushuka nayo. Namba ya kinga iwe 30 au zaidi, ipakwe dakika 20 kabla ya kutoka, irudiwe kila saa mbili na kila unapotoka majini na kujifuta, hata chupa ikijisifu kuwa haitoki majini.

Umebabuka mgongo kwa sababu uliogelea kifudifudi ukitazama samaki. Kwa muda huo wote mgongo ndio uliokuwa juani. Losheni peke yake haitoshi hapo. Vaa fulana ya kuogelea ya mikono mirefu. Itakuokoa pia gharama, na matumbawe: nchi ya visiwa ya Palau imepiga marufuku losheni zenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati tangu 2020, na Hawaii imezuia uuzaji wake tangu 2021, kwa ajili ya kulinda miamba. Soma viungo vilivyoandikwa kwenye chupa. Chini ya turubai la kivuli la boti bado unapigwa: povu la bahari hurudisha hadi robo ya miale ya jua inayounguza, na mchanga mkavu kama asilimia 15.

Tutaogelea kwa miwani na mrija. Tujihadhari na nini?

Mkondo kwanza, wanyama baadaye. Kabla ya kuruka, tupa jani au kipande cha ndizi majini uone kinakwenda wapi. Anza kuogelea ukielekea mkondo unakotoka, ukiwa na nguvu, ili wakati wa kurudi maji yakubebe. Kuogelea kufuata mkondo huku umefurahi ndiko kunakowapeleka watu mbali. Nendeni wawiliwawili, na injini iwe imezimwa kabisa mtu yeyote anapoingia au kupanda.

Miwani ijaribiwe nchi kavu: iweke usoni bila kuvuta mkanda, vuta hewa kwa pua. Ikishika yenyewe, inakufaa. Isiposhika, tazama nywele au masharubu chini ya mpira. Kukaza mkanda hakuzibi, huzidisha kuvuja.

Usisimame juu ya matumbawe. Yanachukua miaka kukua, na kidonda chake huoza upesi. Kioshe kwa maji safi na sabuni, ukisugue mpaka chembe zitoke, hata kama kinauma. Kwenye mchanga wenye maji machache tembea kwa kuburuza miguu. Samaki aina ya taa huhisi mtikisiko na kuondoka, lakini ukimkanyaga atakuchoma kwa mwiba wa mkia. Akichoma yeye, au samaki anayefanana na jiwe, au ukikanyaga wale viumbe duara wenye miiba mirefu myeusi, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, huku mkielekea kwa daktari. Apime joto hilo mtu mwingine kwa mkono wake, maana aliyechomwa hahisi vizuri. Chupa moja ya chai yenye maji ya moto boti­ni inatosha kuanzia.

Konyeza, yule kiumbe wa baharini laini kama uteute mwenye nyuzi zinazochoma, akikugusa katika bahari za tropiki, mimina siki kwa sekunde 30 kabla ya kuondoa nyuzi zake. Usisugue kwa mchanga, usioshe kwa maji matamu, na ule ushauri wa mkojo uachwe. Konokono wa bahari mwenye gamba zuri la umbo la koni usimwokote hata akionekana mtupu: sumu yake hupooza, na haina dawa ya kuiondoa. Viti vya pwani, wale viumbe wa umbo la nyota, navyo vibaki majini; kuviinua kwa picha huweza kuviua.

Injini ikizimika katikati ya bahari, abiria tufanye nini?

Vaeni jaketi kama hamkuwa mmevaa, kaeni chini, uzito usawazike. Kama kuna kina cha nanga kushika, nanga ishuke mara moja, kabla ya kufungua kifuniko cha injini. Boti isiyo na nguvu huenda na upepo, na upepo mara nyingi unaipeleka mwambani.

Sababu huwa ndogo kuliko hofu. Kamba ya kuzimia imechomoka. Tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi limefungwa, mafuta hayavutiki: ishara yake ni injini iliyokwenda vizuri dakika kadhaa kisha ikafifia. Mpira wa mafuta umekanyagwa na mzigo wa abiria. Mfuko au kamba imejizungusha kwenye propela. Hapo injini huzimwa na kuinuliwa kwanza, ndipo mkono upelekwe. Ikiwa imevutwa mara nyingi na inanuka petroli, iachwe dakika chache.

Isipowaka, msiiache boti, hata ikipinduka. Inaonekana kuliko kichwa cha mtu, na kisiwa kinachoonekana karibu kiko mbali kuliko kinavyoonekana. Kwenye redio semeni jina la chombo, mlipo, mko wangapi, nini kimetokea. Bila redio, nyoosha mikono yote miwili kando, uinue na kuishusha polepole, mara kwa mara. Ni ishara ya dharura inayotambulika baharini kote. Kupunga mkono mmoja huonekana kama salamu, na wengi watakupungia wewe pia na kupita.

Tunahitaji kumwambia nani tunakokwenda?

Mtu mmoja aliye nchi kavu ambaye hatasahau: mapokezi ya hoteli, ndugu, mwenyeji. Mwachieni kwa maandishi jina na rangi ya boti, namba ya nahodha, idadi yenu, kisiwa, na saa ya kurudi. Ongezeni saa ya pili, ya mwisho, ambayo ikipita bila habari zenu apige simu kwa walinzi wa pwani au polisi wa majini. Hesabianeni kwa majina kabla ya kuondoka kisiwani, hasa kama kuna boti mbili, maana kila moja hudhani aliyekosekana yuko kwenye nyingine. Mkifika bara, mpigieni simu kabla hamjaenda kuoga.